MWILI NI WAKO, SAWA. NA PUMZI UNAYOTOA NI YA NANI?

Chukua picha yoyote ya staa wa Bongo aliyevaa gauni la kuacha mabega wazi, halafu ivute karibu. Kama filta haijafuta kila kitu, juu ya mkono, karibu na bega, utaona kovu dogo la duara. Analo yeye, analo meneja wake, analo dada wa mekapu aliyempaka poda siku hiyo, na kuna uwezekano mkubwa na wewe unalo. Ni kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto anachomwa siku za mwanzo kabisa za maisha yake, kabla hata hajajua jina lake.

Hakuna mwenye kovu aliyeulizwa. Mama alibeba kichanga na kadi ya kliniki, akakaa kwenye benchi kusubiri zamu, sindano ikaingia, mtoto akalia, maisha yakaendelea.

Ndiyo maana 2021 ilikuwa na vituko vyake. Watu wale wale wenye kovu begani walijaa mitandaoni na kauli moja: "Mwili wangu, uamuzi wangu." Itakumbukwa kuwa Julai 28 mwaka huo Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, kuzindua chanjo ya Korona, siku chache baada ya dozi zaidi ya milioni 1 za Janssen kutua nchini kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Serikali ikasema wazi kwamba ni hiari. Hapo hapo mambo yakachafuka. Mbunge mmoja wa Dar, ambaye pia ni kiongozi wa kanisa, aliipinga akiwa madhabahuni, akaishia kuitwa kwenye kamati ya Bunge na kusimamishwa mikutano miwili. Mtaani kila mtu akawa daktari. Insta, kila mwenye wafuasi elfu kumi akawa na msimamo wa kuutangaza.

Wimbi lile limepita, lakini kauli imebaki. Kila ikitangazwa kampeni ya chanjo, hata ya watoto, inarudi kwenye komenti kama wimbo wa zamani uliofanyiwa rimiksi. Kwa hiyo ni bora iangaliwe vizuri: ina ukweli kiasi gani, na inaishia wapi?

KAULI YENYEWE SI YA KUDHARAU

Kwanza haki itendeke. Anayeisema kauli hii si mshamba, na wala hajakosa shule. Kuna sababu za msingi kabisa za Mwafrika kuuliza maswali anapoiona sindano iliyotoka mbali.

Mwaka 1996, mji wa Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya majaribio ya dawa yake ya Trovan kwa watoto wagonjwa. Wazazi walikuja kusema hawakuambiwa kwamba watoto wao wanafanyiwa majaribio. Kesi zilivutana miaka mingi hadi kampuni ikakubali kulipa. Unadhani watu wa Kano walisahau? Ilipofika 2003, chanjo ya polio ilisusiwa kule, na polio ikasambaa kutoka kaskazini mwa Nigeria hadi nchi nyingine ambazo zilikuwa zimeshapumua. Kuvunja imani ya watu kunalipiwa bei, na aliyeivunja mara nyingi siye anayeilipa.

Halafu Aprili 2020, daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Kifaransa wakakaa kwenye televisheni ya kwao kujadili kama majaribio ya kutumia BCG dhidi ya Korona yafanyike Afrika, kwa kuwa huku barakoa hakuna na vyumba vya wagonjwa mahututi hakuna. Ni BCG hii hii ya kovu la begani. Bara zima likalipuka, na mkuu wa WHO akayaita maneno yale ya kibaguzi.

Kwa hiyo mtu akisema "ngoja kwanza nielewe", ana haki ya kuelewa. Na mwili ni mwili. Hakuna mwanadamu anayepaswa kushikwa mikono na miguu halafu achomwe sindano huku anapiga kelele. Hata kubana watu kwa mlango wa nyuma kuna mpaka wake. Novemba 2021, Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 21, asiye na uthibitisho wa chanjo hatahudumiwa ana kwa ana kwenye ofisi za serikali, na hataingia baa wala hotelini. Wakati huo sehemu ndogo tu ya Wakenya ndiyo ilikuwa imechanjwa kamili. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo lile kabla siku haijafika. Ni haki kabisa: utamfungia vipi mtu mlango kwa kukosa kitu ambacho wengi hakijawafikia?

Mpaka hapo, timu "uamuzi wangu" inaongoza bao moja.

HELMETI NA DALADALA

Tatizo linaanza pale kauli hii inapobebwa na kupelekwa kila mahali kama vile kila uamuzi wa mwili unaishia kwenye ngozi ya aliyeamua.

Mtu akipanda bodaboda bila helmeti, kichwa kitakachogonga lami ni chake. Ni ujinga, lakini kwa kiasi kikubwa ni ujinga wake mwenyewe. Sasa dereva wa daladala aliyepiga bia sita kabla ya kuondoka Mbagala naye anaweza kusema tumbo ni lake na bia kanunua kwa hela yake. Ni kweli, tumbo ni lake. Lakini nyuma yake kuna watu thelathini wanaotaka kufika Kariakoo, na hakuna hata mmoja aliyekunywa.

Ugonjwa unaosafiri kwa hewa uko upande gani, helmeti au daladala? Jibu la kweli ni kwamba unategemea ugonjwa, na hapa pande zote mbili za mjadala ziliongopea watu.

Chanjo ya Korona kazi yake kubwa ilikuwa kumkinga aliyechanjwa asiugue vibaya na asife. Iliifanya kazi hiyo vizuri. Lakini kirusi cha Omicron kilipoingia mwishoni mwa 2021, waliochanjwa nao waliambukizwa, na waliambukiza. Waliokuwa wamehubiri kwamba "ukichanja huambukizi mtu" walitia chumvi, na chumvi ile imewagharimu imani ya watu mpaka leo. Vilevile Janssen ilionekana kuwa na tatizo la nadra la damu kuganda, kiasi kwamba Mei 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia matumizi yake kwa watu wengi. Ni tatizo la nadra mno, lakini lipo, na raia mtu mzima anastahili kuambiwa hivyo bila kufichwafichwa.

Upande wa pili nao una chumvi yake. Eti kama chanjo haizuii maambukizi yote, basi ni suala la mtu binafsi tu. Sivyo. Mtu ambaye hakuugua vibaya hakulala kitanda cha hospitali, na kitanda kile alilala mwingine. Walioliona wimbi la Delta mwaka 2021, kuanzia India hadi Uganda, wanakumbuka mtungi wa oksijeni ulivyosakwa. Kwenye siku kama zile, "mwili wangu" ukizidiwa unahitaji muuguzi ambaye ni mwili wa mwenzako, na mtungi ambao mzee wa nyumba ya pili naye anauhitaji.

Ukihama kutoka Korona ukaenda kwenye surua, hata ule ubishi unaisha. Mgonjwa mmoja wa surua, kwenye jamii isiyo na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Ili isisambae, karibu watu 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Na kwa ratiba ya Tanzania mtoto anapata dozi ya kwanza ya surua akiwa na miezi 9. Kabla ya hapo hana sindano ya kumlinda. Kinachomlinda ni watoto wengine wa mtaani, wa kanisani, wa kwenye harusi, ambao wazazi wao waliwapeleka kliniki. Mtoto wa miezi 5 hana akaunti Insta na hawezi kuandika "mwili wangu, uamuzi wangu". Mwili wake umeshaamuliwa na miili iliyomzunguka.

Bao la kusawazisha hilo.

STAA WA TENISI, KESI MBILI KWENYE FAILI MOJA

Mastaa wakubwa wa dunia ndio waliofanya mjadala huu uwe wa kila mtu, na ukiwatazama vizuri unaona mstari uko wapi.

Kuna yule mcheza tenisi aliyekuwa namba moja duniani. Januari 2022 alitua Melbourne akiwa hajachanjwa Korona, akawekwa kwenye hoteli ya wahamiaji, kesi ikaenda mahakamani, na mwisho akarudishwa kwao bila kucheza mechi hata moja ya mashindano. Baadaye akasema yeye si mpinzani wa chanjo, alichanjwa utotoni kama wengine, ila yuko tayari kukosa makombe kuliko kulazimishwa. Na kweli aliyakosa. US Open 2022 pia aliikosa kwa sababu Marekani haikuruhusu wageni wasiochanjwa. Alikubali hasara akaendelea na maisha, na Australia alirudi 2023 akabeba kombe.

Hapo mtu anaweza kutofautiana naye na bado akamvulia kofia. Aliamua, na bili ikaja kwa jina lake, akalipa.

Lakini kwenye faili lile lile kuna kipande cha pili. Desemba 2021 alipimwa akakutwa na Korona, na huku anajua majibu akaenda kufanya mahojiano na kupigwa picha na waandishi wa gazeti la Ufaransa. Alikuja kukiri mwenyewe kwamba alikosea. Mashabiki wengi walikichukulia kipande hiki kama kitu kidogo na kukazana kugombana kuhusu chanjo. Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kikubwa. Kukataa sindano ulikuwa uamuzi juu ya mwili wake. Kukaa chumba kimoja na mwandishi asiyejua kitu ulikuwa uamuzi juu ya mwili wa mwandishi, na mwenye mwili hakuulizwa.

Wanaopiga kelele za uhuru wa mwili wanapaswa kuwa wa kwanza kulikemea hilo, kwa sababu mwandishi naye ana mwili.

RAFIKI WA BINAMU

Kisha kuna yule rapa wa kike wa Marekani mwenye asili ya Trinidad. Septemba 2021, akiwa na wafuasi zaidi ya milioni 20 Twitter, aliandika kwamba binamu yake aliyeko Trinidad hataki chanjo kwa sababu rafiki yake alichanjwa, nguvu za kiume zikaisha, sehemu za siri zikavimba, na harusi ikavunjika. Waziri wa Afya wa Trinidad na Tobago ikabidi asimame mbele ya waandishi kusema wamepoteza muda kulifuatilia na hawakukuta kitu kama hicho.

Pima chanzo cha habari: ni rafiki wa binamu. Hata mtaani, stori ya rafiki wa binamu huwa haimalizi kahawa. Lakini ikitoka kwa staa inapanda ndege bila pasipoti, na haikuchelewa kufika huku. Vijana wangapi waliogopa chanjo kwa hofu hiyo hiyo ya nguvu za kiume bila kujua ilikoanzia?

Na kuna sehemu ya stori ile ambayo haikusambaa sana. Rapa yule yule aliandika pia kwamba anadhani atachanja tu, kwa sababu anatakiwa kwenda ziara. Yaani wafuasi walibaki na hofu, mwenyewe akawa na mpango wa kupata kadi ili kazi iendelee.

Kadi za aina hiyo mastaa wa huku wanazijua vizuri. Ukitaka kwenda kupiga shoo kwenye nchi inayodai chanjo ya homa ya manjano, unabeba kadi yako ya njano na unanyamaza. Ukitaka kwenda Hija, Saudia inataka uchanjwe homa ya uti wa mgongo. Hakuna anayefungua laivu kulia kuhusu uhuru wa mwili akiwa kwenye foleni ya pasipoti. Mwili unakuwa "wangu" pale ambapo anayenufaika na sindano ni jirani, ila promota akishatuma tiketi, unakuwa wa kazi.

Staa hana wajibu wa kuwa daktari. Ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kusema "bado naogopa". Asichokuwa na haki nacho ni kugeuza hofu yake kuwa kiki, halafu mtu wa Tandale aliyemwamini akalipa kwa mapafu yake.

BILI HAIJI SAWA KWA WOTE

Hapo kwenye kulipa ndipo utamu wote wa kauli ile unapoisha. New York ilionesha wazi. Mcheza kikapu mmoja wa timu ya Brooklyn alikataa chanjo, akakosa mechi za nyumbani msimu wa 2021 na 2022. Februari 2022, jiji hilo hilo likawafukuza kazi wafanyakazi wake 1,430 kwa kosa hilo hilo. Mwezi uliofuata meya akatoa msamaha wa sharti lile kwa wanamichezo na wasanii wa jiji. Mcheza kikapu akarudi uwanjani, makofi yakapigwa. Wale waliofukuzwa walibaki nje.

Chanjo inaweza kuwa sharti au isiwe sharti, hilo linajadilika. Lakini sharti linalomkamata mfagia barabara na kumwachia mwenye jezi halijali afya ya mtu. Na vijana wanaoiga misimamo ya mastaa wanapaswa kulijua hili: yeye akikataa ana wakili, ana daktari wake na ana akiba. Wewe ukiiga msimamo wake, hukopi na akaunti yake ya benki.

MPISHI WA MERCA

Kama kuna mtu mmoja ambaye vijana wa Afrika Mashariki walipaswa kumjua kabla ya mastaa wote hao, ni mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Mwaka 1977 ndui ilikuwa karibu kufutika duniani. Kijana huyo alikuwa anafanya kazi hospitalini na alikuwa amewahi hata kusaidia kampeni ya chanjo, lakini yeye mwenyewe aliikwepa. Sababu yake haikuwa siasa wala dini. Aliogopa maumivu ya sindano.

Oktoba mwaka huo likaja gari lina watoto wawili wenye ndui, dereva hajui njia. Kijana akapanda kuwaelekeza. Safari ilikuwa fupi sana, lakini ilitosha. Mtoto mmoja kati ya wale wawili alifariki. Mpishi akaugua, na akaingia kwenye historia kama mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida. Ili isisambae, watu zaidi ya 50,000 walichanjwa ndani ya majuma mawili, na kila aliyekutana naye ikabidi afuatiliwe. Uwoga wa mtu mmoja ulihamisha mji mzima. Mwaka 1980 WHO ikatangaza kwamba ndui imekwisha duniani.

Alipona. Na miaka ya baadaye alijitolea kwenye kampeni ya polio Somalia, akipita kwa wazazi waliokuwa wanasita na kuwaambia yaliyomkuta yeye kwa kuogopa sindano. Hakuwatukana wala kuwaita wajinga, maana hofu yao aliijua kutoka ndani. Alifariki 2013 kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo ya polio.

Tanzania yenyewe ilijifunza kitu kama hicho. Mwaka 2021 chanjo ya Korona ilisuasua. Kuanzia 2022 wahudumu walipoacha kukaa kituoni kusubiri watu, wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba, sokoni na vijijini, wakaongea na watu kama watu, idadi ilipanda kwa kasi. Ilibaki hiari mpaka mwisho. Kumbe wengi hawakuwa wapinzani, walikuwa na maswali na hakuna aliyekuja kuyajibu.

KWA HIYO UAMUZI NI WA NANI?

Uamuzi ni wa mwenye mwili, na hilo lisichezewe. Lakini uamuzi wa kukataa nao una kazi zake. Anayekataa chanjo na bado anataka kuitwa muungwana, akiumwa abaki ndani. Akiwa na kikohozi kisichoeleweka asiende kumbusu mtoto mchanga wa shoga yake kwenye arobaini. Asinunue cheti feki, maana cheti feki si uhuru, ni uongo unaomwambia mwenzako kuwa yuko salama wakati hayuko. Asisambaze stori ya rafiki wa binamu. Na kama ni mzazi, ajue kwamba kwenye kadi ya kliniki hauamuliwi mwili wake, unaamuliwa wa mtoto, pamoja na wa kale kachanga ka jirani ambako bado hakajafikisha miezi 9.

Akiweza yote hayo, basi kweli ni uamuzi wake. Akishindwa, asiuite uhuru. Anawaachia wengine bili.

Mdau, mlipuko mwingine utakuja, hilo halina ubishi. Siku hiyo utakuwa unamsikiliza nani, aliyekwambia ukweli wote pamoja na madhara yake, au staa ambaye kadi yake ya safari iko tayari kwenye pochi?